Kutu Haingoji Msimu

Mpunga wa Mbarali umeshaingia maghalani, mahindi ya Rukwa na Songwe yanapukuchuliwa, na barabara za mashambani zimejaa vumbi. Huu ndio wakati trekta linapowekwa kando. Dereva anazima injini, anakabidhi ufunguo kwa mwenye mali, na trekta linabaki peke yake mpaka mawingu ya Novemba yaanze kukusanyika. Wengi tunaamini kwamba chombo kilichopumzika hakichakai. Mimi nasema kinyume chake. Matrekta mengi yaliyokufa katika nchi yetu hayakufia shambani yakivuta jembe. Yalifia pale yalipoegeshwa, na mara nyingi kilichotangulia kufa ni haidroliki, yaani mfumo wa kunyanyua kwa oili.

Dereva anapovuta ule mkono wa pembeni ya kiti na jembe la sahani tatu likanyanyuka kutoka udongoni, kinacholibeba ni oili. Pampu inaisukuma oili kupitia valvu mpaka ndani ya silinda, pistoni inasogea, na mikono ya nyuma ya trekta inapanda. Harry Ferguson wa Ireland aliupigania mfumo huu kwa miaka mingi, na trekta alilolitoa kwa kuungana na Henry Ford mwaka 1939 ndilo lililoueneza duniani. Huyo ndiye Ferguson wa Massey Ferguson, jina ambalo hata mtoto wa kijijini analijua.

Sasa fikiria nguvu iliyomo humo. Tairi la nyuma la trekta hujazwa upepo wa bar moja na nusu hivi, au mbili. Oili ya haidroliki inafanya kazi kwa bar 150 hadi 200. Presha ya namna hiyo inazuiwa na nini isitoke nje? Inazuiwa na sili, kipande kidogo cha mpira au plastiki ngumu chenye mdomo mwembamba, kinachoibana ile rodi inayong'aa inayoingia na kutoka kwenye silinda. Usalama wote wa mfumo umeegemea hapo, kwenye mdomo wa sili na ulaini wa rodi.

Rodi hiyo naomba tuitazame kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Inang'aa kwa sababu imepakwa kromu. Ndani yake ni chuma kama vyuma vingine, kinachoshika kutu kama vyuma vingine. Tabaka la kromu juu yake kwa kawaida lina unene wa mikroni 20 hadi 30 tu, ilhali unywele wa kichwa chako una mikroni kama 70. Na tabaka lenyewe halikuziba kabisa. Lina nyufa ndogo mno ambazo jicho halizioni. Rodi ikiwa kazini, nyufa hizo hazina madhara, maana kila inapoingia na kutoka inapakwa oili upya. Lakini ukiiegesha ikiwa imechomoza nje, jua linaikausha ile oili, vumbi linatua juu yake, umande wa usiku unalilowesha vumbi, na maji taratibu yanapenya kwenye nyufa mpaka yakakifikia chuma.

Hapo kutu inaanza, na inaanzia chini, mahali usipopaona. Kutu ina tabia moja mbaya: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inavimba chini ya kromu na kuibandua kidogo kidogo. Siku utakayoona madoa ya kahawia kwenye rodi, ujue kazi imeshafanyika chini. Madoa yanageuka vishimo, na kila kishimo kina ukingo wa kromu iliyovunjika, mkali wa kutosha kukata mpira.

Novemba inafika. Dereva anavuta mkono, rodi yenye vishimo inapita kwenye mdomo wa sili mara moja, mara kumi, mara mia. Sili inakatika. Kwanza ni tone, kisha ni mchirizi, kisha jembe linashuka lenyewe ukiwa njiani. Na pale oili inapotokea, vumbi na maji vinapata njia ya kuingilia. Vumbi likichanganyika na oili linakwenda kusaga pampu na valvu, ambazo sehemu zake zimekaribiana kiasi kwamba punje ndogo ya mchanga inatosha kuzikwaruza. Tatizo lililoanzia kwenye doa la ukubwa wa punje ya mtama linaishia kwenye pampu.

Ndiyo sababu unabadilisha sili leo, na baada ya wiki mbili inavuja tena. Unamlaumu fundi kwamba hajui kufunga. Unalilaumu duka la vipuri kwamba limekuuzia sili feki. Inawezekana kweli ni feki, hilo lipo. Lakini kabla hujagombana na mtu, ipanguse rodi kwa kitambaa safi, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kwa urefu wake wote. Ukucha ukikwama mahali, basi utanunua sili mpaka uchoke. Rodi hiyo inahitaji kwenda kwa fundi wa kukereza vyuma mwenye uwezo wa kuikwangua, kuipaka kromu upya na kuisawazisha, na mafundi wa namna hiyo hawapatikani kila wilaya. Wengi huishia kununua silinda nzima.

Nimesikia watu wakisema kiangazi ni kikavu, kutu itatoka wapi? Waulize wa Njombe na Mufindi. Usiku wa Juni na Julai kule ni wa kutetemeka. Chuma kinapoa haraka, na ifikapo alfajiri trekta zima limelowa umande kana kwamba limenyeshewa. Jua likipanda linakauka, usiku unaofuata linalowa tena. Hali hiyo ya kulowa na kukauka kila siku inachokoza kutu vibaya sana. Pwani nako kuna jambo lake. Ukiwa Pangani, Bagamoyo au Unguja, hewa yenyewe inabeba chumvi ya bahari, na chuma ambacho kingevumilia mwaka Dodoma kinaweza kuchakaa kwa miezi michache huko. Kwenye mashamba ya mkonge kuna maji ya mkonge, ambayo yana asidi na yanakula chuma bila huruma.

Lakini adui ambaye wakulima wengi hawamdhanii ni mbolea. Urea, CAN, DAP, baadhi ya hizi ni chumvi, na baadhi zinavuta unyevu kutoka hewani hata kama mvua haijanyesha. Ndiyo maana mfuko wa urea ukiachwa wazi unaloa wenyewe. Sasa ghala la mkulima wetu likoje? Trekta limeingizwa ndani kwa heshima zote, na pembeni yake imepangwa mifuko ya mbolea iliyobaki msimu uliopita, mmoja umepasuka, na juu ya boneti wamelala kuku. Vumbi la mbolea linatua kwenye rodi, na kinyesi cha kuku kinatoa hewa ya amonia. Kwa trekta hilo, afadhali lingebaki nje chini ya bati. Mbolea na mashine zisilale chumba kimoja. Hilo nalisema bila kusita.

Nchi hii imeshawahi kulipa gharama ya kutu kwa kiwango kikubwa. Wazee wa Kongwa na Nachingwea wanaukumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga katika maeneo makubwa mno ya Tanganyika, na kwa kuwa vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha juzi tu, matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua mitambo ya jeshi iliyobaki Ufilipino, mingi ikiwa imekaa nje kwenye joto na mvua za visiwani. Ilipofika huku, sehemu kubwa iliharibika ndani ya muda mfupi, na karakana hazikuwa na vipuri wala mafundi wa kutosha. Mpango ule ulikuwa na makosa mengine mengi: mvua hazikupimwa vizuri, udongo wa Kongwa uligeuka mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, na wenyeji waliojua ardhi yao hawakusikilizwa. Ila miongoni mwa mambo yaliyouangusha ni hilo la mitambo iliyochakaa kabla ya kugusa shamba.

Basi tufanye nini? Kazi yenyewe haizidi siku mbili, na dereva wako anaiweza.

Anza na kuosha. Ondoa tope, majani, mafuta na mbolea. Wengi sasa hivi wanatumia mashine za presha, nazo ni nzuri, lakini usizielekeze kwenye mdomo wa silinda, kwenye beringi wala kwenye viungio vya mipira ya haidroliki. Presha ile inayasukuma maji yapite sili, na ukishayaingiza hayatoki kirahisi. Sehemu hizo zioshe kwa maji ya kawaida na brashi laini. Liache trekta likauke juani, kisha piga grisi kila mahali pa kupiga grisi mpaka uone ile ya zamani inatoka nje, maana inatoka na maji yaliyojificha ndani.

Halafu oili. Trekta lililolima majaruba ya mpunga limeshinda ndani ya maji kwa wiki nyingi, na katika matrekta mengi oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya giaboksi. Chomoa kijiti cha kupimia utazame rangi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Kuegesha trekta na oili ya namna hiyo kwa miezi sita ni kuikabidhi pampu kwa kutu. Imwage na ubadilishe filta kabla ya kulaza mashine. Watu wengi husubiri kubadilisha oili mwanzo wa msimu, kwa hoja kwamba mpya isikae bure. Naielewa hoja hiyo, pesa ni ngumu. Lakini oili iliyotumika ina maji na asidi, na ni katika miezi ya kukaa ndipo vinapofanya uharibifu. Badilisha sasa. Ukishabadilisha, washa injini, inua na kushusha mikono mara kadhaa, zungusha usukani kulia na kushoto, ili oili mpya ifike kila kona. Jaza mpaka alama ya juu, na tangi la dizeli nalo lijaze, kwa sababu nafasi tupu ndani ya tangi ni nafasi ya hewa, na hewa ikipoa usiku inaacha matone ya maji.

Sasa ile rodi. Kanuni ni moja: iegeshe ikiwa imeingia ndani. Rodi iliyomo ndani ya silinda imezungukwa na oili, kutu haiwezi kuifikia. Tela la kubinua lishushwe kabisa. Haro yenye magurudumu ya kuinulia ishushwe ikae chini, juu ya mbao, isiguse udongo. Kichwa cha kombaini kishushwe juu ya magogo au mbao nene. Kuna faida ya pili hapo: kitu kilichoshushwa hakiwezi kumwangukia mtoto anayecheza chini yake, na presha ndani ya mipira inakuwa imetoka.

Zipo rodi ambazo huwezi kuzificha. Silinda ya usukani katika matrekta mengi ina rodi pande zote mbili. Ukiingiza upande mmoja, mwingine unatoka. Kijiko cha mbele nacho kikilazwa chini, mara nyingi rodi za kukibinua zinabaki nje. Hizo ndizo zinazohitaji kupakwa. Zipanguse mpaka ziwe safi kabisa, maana ukipaka grisi juu ya vumbi na unyevu umevifungia ndani, kisha paka grisi tabaka nene lisiloacha mwanya. Grisi iwe isiyoyeyuka kwenye maji. Ile ya kalsiamu au lithiamu inafaa. Ile ya sodiamu inayeyuka. Zipo pia dawa za nta zinazopulizwa kwa ajili hii hasa, ukizipata ni bora zaidi. Lakini zile dawa nyepesi za kopo za kulegeza nati zilizoganda usizitegemee kwa miezi mingi. Kazi yake ni kufukuza maji kwa muda, baadaye zinakauka zenyewe.

Mama mmoja mwenye matrekta mawili huko Usangu aliwahi kumuuliza fundi wake mbele yangu, "Fundi, si nizipake tu hii oili chafu tuliyomwaga kwenye injini? Ipo bure." Fundi akamjibu, "Hapana, mama. Hiyo imeshachoka. Ina masizi na asidi, tena itakuchafulia udongo wa uwani kwako. Sahani za jembe zipake grisi, rodi zipake grisi. Kopo moja litatosha yote." Nakubaliana na fundi yule kwa kila neno. Oili chafu imezoeleka mno vijijini, na naona imefika wakati tuiache.

Viungio vya nyuma, pale mipira ya jembe au tela inapochomekwa, vifunikwe vifuniko vyake. Kama vimepotea, na karibu kila mahali vimepotea, funga mfuko safi wa plastiki uukaze kwa kamba ya mpira. Mipira yenyewe ikinge na jua, kwa sababu jua linaifanya ipasuke. Kuhusu banda, sitasema mengi: paa lisilovuja, sakafu iliyoinuliwa ya moramu au zege, na pande zinazopitisha hewa. Kuta si lazima. Turubai lililofungwa mpaka chini ni baya kuliko unavyodhani, kwa kuwa linafungia unyevu. Likiwa ndilo pekee ulilonalo, liinue juu ya miti ili upepo upite.

Kuna desturi ya kuliwasha trekta kila baada ya wiki mbili, dakika tano, kisha kulizima. Wenye kufanya hivyo wana nia njema, lakini dakika tano hazichemshi oili. Zinazalisha unyevu bila kuukausha. Ukiamua kuwasha, acha injini ifanye kazi mpaka oili ya haidroliki ipate joto kamili, inua na ushushe mikono, kisha rudisha rodi ndani na upake grisi upya pale ilipofutika. Vinginevyo liache lilale.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Trekta la mtu binafsi mara nyingi lina mtu wa kulihurumia. Trekta la kikundi, la chama cha ushirika au la kijiji, je? Wakati wa kulima kila mwanachama anajua zamu yake. Kuna daftari la ekari, daftari la dizeli, na ugomvi wa nani atangulie. Msimu ukiisha, hakuna daftari. Hakuna aliyepewa kazi ya kununua grisi, na hakuna fungu lililotengwa kwa ajili hiyo. Trekta linabaki nyuma ya ofisi ya kijiji, rodi zikiwa nje, jembe likining'inia, na kila mwanachama anapita akilitazama. Pawatila nyingi, yale matrekta madogo ya magurudumu mawili, zilizoletwa vijijini katika miaka ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, zimeishia hivyo, majani yameota katikati ya magurudumu. Zilinunuliwa kwa pesa ya umma na michango ya wakulima. Sikubali kwamba wakulima wetu hawajali. Ninachokiona ni kwamba tunapanga kununua, tunapanga kulima, na hatupangi kuhifadhi. Katiba ya kikundi inayosema nani ataendesha iseme pia nani atalaza, lini, kwa pesa ipi, na nani atakagua.

Na msimu ukirudi, msikimbilie kuvuta mkono. Grisi iliyokaa miezi kadhaa imeshika vumbi. Ipanguse yote kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, paka oili safi, ndipo uisogeze rodi. Ukiiingiza na vumbi lake, umeuharibu mdomo wa sili kwa mkono wako mwenyewe. Kagua mipira kama ina mipasuko. Na hapa nisikilize vizuri, dereva: ukihisi kuna mahali panavuja, usipapase kwa mkono. Oili inayotoka kwenye tundu la sindano kwa bar 150 inapenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo kama umechomwa na mwiba, huna maumivu makali, unaendelea na kazi, na ndani nyama inaharibika. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu hiyo. Tumia kipande cha kadibodi kutafuta uvujaji, na kama oili imekuchoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo, umwambie daktari kwamba ni oili ya presha iliyoingia mwilini.

Ombi langu kwako, msikilizaji mwenye trekta, kombaini au tela la kubinua: kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda uzitazame rodi zako. Zilizo nje zirudishe ndani. Zisizorudi zipake grisi. Mifuko ya mbolea ihamishie chumba kingine. Na wewe mwenyekiti wa kikundi, itisha kikao wiki hii, agenda iwe moja, na majina ya watakaolilaza trekta yaandikwe kwenye daftari kabla watu hawajatawanyika.